Umepaka mbao za ukutani nyeupe na sebule bado haikai: soma dalili kabla ya kununua kopo jingine

Kuna sebule ambayo hata saa sita mchana inabidi uwashe taa ndipo umwone aliyekukaribisha. Nje jua la Mwanza linachoma mawe na ziwa linametameta hadi unafinya macho, ndani giza kama ghala la pamba. Nimefanya kazi kwenye nyumba kadhaa za aina hiyo, Isamilo, Bwiru na Capri Point: nyumba za siku nyingi, kuta zimevalishwa mbao kutoka sakafuni hadi kifuani, nyingine hadi darini, na kila aliyepita humo amepiga mkono mmoja wa vanishi juu ya ule aliouacha mwenzake.

Wenye nyumba sasa wanataka mwanga, na rangi nyeupe ndiyo njia isiyoumiza mfuko. Shida ni kwamba wengi hunipigia simu baada ya kopo la pili kuisha. "Fundi, tulipaka wenyewe, hebu njoo uangalie." Nikifika nakuta rangi haina kosa. Kosa liko chini yake, na limeshajitokeza ukutani kwa umbo ambalo ukilizoea unalisoma. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa kufuata kile macho yako yanachoona.

Kwanza, ni mti gani huo?

Chungulia nyuma ya kabati, au bandua kipande kifupi cha ubao wa chini kabisa uone upande ambao haukupakwa kitu. Ukikuta ubao mzito wenye kahawia ya dhahabu au wekundu kidogo, huenda ni mninga, ule unaoletwa kutoka misitu ya Tabora. Mvule ukiwa mpya una umanjano, kisha huiva kuwa kahawia nzito kadiri miaka inavyokwenda. Paini, iwe ya Sao Hill au ya shamba la Rubya kule Ukerewe, ni nyepesi, rangi yake hafifu, na ina vifundo, yale macho ya duara. Plaiwudi inajitaja yenyewe: tazama matabaka yake pembeni.

Hapa huwa nabishana na wateja. Kama ukuta ni mninga mtupu, piga msasa eneo la ukubwa wa kiganja kabla hujanunua rangi. Mara nyingi weusi unaouchukia si wa mti, ni wa vanishi ya rangi iliyorundikwa mkono juu ya mkono. Mama mmoja wa Isamilo alikuwa ameshaleta galoni mbili za nyeupe. Nilikwangua kiganja kimoja karibu na dirisha, nikapitisha kitambaa chenye maji, ule ubao ukawaka kama asali. Aliinama akautazama, akapitisha kidole, akasema, "Kumbe nilikuwa nakaa na hiki miaka yote?" Galoni hazikugusa ubao hata mmoja. Tukatoa vanishi ya zamani, tukapiga ile isiyo na rangi, tukaelekeza nyeupe kwenye dari na nusu ya juu ya kuta. Mninga ukishapakwa rangi, kuja kuitoa kwenye vinyweleo vyake ni adhabu. Paini na plaiwudi sizionei huruma, paka.

Tahadhari moja tu. Kama juu ya mbao kuna rangi ya mafuta ya miaka mingi, usiipige msasa mkavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, futa kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Madoa ya rangi ya chai yanachomoza juu ya nyeupe

Hili ndilo linaloongoza. Umepaka rangi ya maji asubuhi, jioni inapendeza, keshokutwa unakuta michirizi ya njano na kahawia kama mtu amemwaga chai ya rangi ukutani. Unapaka tena, inarudi. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilipiga mikono minne kwenye ukuta wa mvule. Kila asubuhi naingia nakuta doa lilelile linanisubiri, na mzee mwenye nyumba amekaa kwenye kochi ananitazama bila kusema neno. Bora angenigombeza.

Mti una tanini na utomvu mwingine wenye rangi, vitu vinavyoyeyuka kwenye maji. Rangi ya maji ikikaa juu yake, maji yanayeyusha ule utomvu, na yanapopanda juu kwenda kukauka yanapanda nao. Ndiyo maana kila mkono mpya ulileta doa jipya: nilikuwa naumwagilia mti. Mninga ndio usiseme, maana hata ukiukata ungali hai unatoa utomvu mwekundu kama damu.

Kupima ni rahisi. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kiweke juu ya ubao uliopigwa msasa, kikandamize dakika kumi. Kikitoka na rangi ya chai, usiguse rangi ya maji mpaka umeziba.

Kuziba kunafanywa na praima ya kuzuia madoa, yaani mkono wa chini unaotangulia rangi, ama ya shelaki (utomvu mkavu unaoyeyushwa kwa spiriti) ama ya mafuta. Ya shelaki naipendelea kwa vifundo vya paini na kwa mninga, kwa sababu inakauka haraka, chini ya saa moja unaweza kupiga mkono wa pili, na spiriti iliyomo haiyeyushi tanini kama maji yanavyofanya. Ukikosa iliyo tayari, maseremala wanaong'arisha samani huwa na vipande vya shelaki. Vikiloweshwa kwenye spiriti usiku kucha vinayeyuka. Chagua ile iliyoondolewa nta, vinginevyo rangi ya juu inaweza isishike vizuri. Piga mikono miwili, hasa juu ya vifundo. Spiriti inawaka moto kwa mvuke wake tu, kwa hiyo jiko la mkaa liwe mbali na madirisha yawe wazi. Ile ya mafuta ipe siku nzima ndipo uendelee. Baada ya hapo, rangi ya maji haina ugomvi na mti.

Tazama pia umbo la doa. Michirizi inayofuata nyuzi za ubao ni tanini. Duara moja moja la njano, kila moja mahali pake, ni kifundo kinachotoa ulimbo. Ukiona vidoa vya bluu-nyeusi vimejipanga kwa mstari ulionyooka, hapo kuna misumari: chuma na tanini vikikutana kwenye unyevu vinazaa rangi nyeusi, na kwa njia hiyohiyo watu wa zamani walitengeneza wino. Zamisha kichwa cha msumari kwa pini na nyundo, pitisha praima ya mafuta, kisha ndiyo uzibe tundu. Ukiziba kabla ya praima, ule weusi utapita ndani ya kizibio uje ukusalimie. Na kama wekundu-kahawia umetanda sawasawa ukuta mzima, mzito zaidi karibu na mlango wa jikoni, hiyo siyo mbao: ni moshi wa mkaa na mafuta ya kukaangia, na dawa yake ya kwanza ni sabuni.

Rangi inabanduka kwa kucha

Mtoto ameegemeza kiti, kimeng'oka kipande kizima kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake vanishi inang'aa kama siku ya kwanza. Huo mng'ao ndio jibu. Rangi haikupata pa kushika.

Vanishi ya zamani si lazima uitoe yote. Ipoteze mng'ao tu. Msasa namba 120 ukifuatiwa na 180, kwa mkono, kufuata nyuzi, mpaka ukuta uwe butu kama ubao wa shule. Ukiona bado kuna mahali panarudisha taa, hapo bado. Lakini kuosha kunatangulia msasa, na hapa ndipo wengi wanateleza: ukipiga msasa juu ya mafuta unayasukumia ndani. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kisha maji matupu mara mbili, kisha acha pakauke usiku kucha.

Adui mwingine ni ile dawa ya kung'arishia samani ambayo dada wa kazi amekuwa akipuliza kila Jumamosi kwa miaka kumi. Nyingi zina nta au silikoni. Dondoshea ubao tone la maji: likikaa duara kama shanga bila kutanda, kuna nta. Ya silikoni inajionyesha unapopaka, rangi inakimbia pembeni na kuacha vitundu vya duara kama macho ya dagaa. Ukifika hapo acha kupaka. Subiri ikauke, piga msasa, futa kwa tapentaini ukibadilisha kitambaa kila baada ya hatua mbili tatu (kitambaa kimoja kwa ukuta mzima ni kuhamisha nta tu), pitisha praima ya shelaki, endelea.

Kujua vanishi yenyewe ni ipi, kitambaa chenye spiriti kinatosha: ikilainika na kunata ni shelaki. Isipolainika, jaribu tina, ile ya kuzimulia rangi, kwenye pembe iliyojificha. Ikiyeyuka ni laka, aina nyingine ya vanishi. Isipotikisika kwa vyote viwili ni ya mafuta au poliyurethani, na hiyo inataka msasa wa kutosha.

Kabla ya kumaliza chumba, fanya jaribio kwenye ubao mmoja. Paka, acha siku saba, chora miraba midogo kwa wembe, bandika tepu, ing'oe kwa mkupuo. Tepu ikitoka safi, endelea. Ikitoka na rangi, umeokoa kuta tatu zilizobaki.

Mistari myeusi imetokea kati ya ubao na ubao

Ulipaka Aprili, mvua za masika zikiwa zimeujaza mti unyevu. Julai, hewa kavu, ubao umesinyaa, na ulimi ulioingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani umechungulia nje ukiwa na vanishi yake ya zamani. Hakuna aliyekosea isipokuwa kalenda. Kazi ya mbao za ukutani hapa kwetu ni ya Juni hadi Agosti: mbao zimesinyaa mwisho wake, unaingiza rangi kwenye mifereji kwa brashi nyembamba kwanza, ndipo rola ipite juu. Mvua zikirudi zitabana, na ukiangalia hutaona kitu.

Usijaze mianya hiyo kwa puti ngumu. Itapasuka msimu ujao na kudondoka vipandevipande. Ukitaka lazima kuziba, tumia kizibio laini cha akriliki kinachopakika. Silikoni ya vyoo haipokei rangi, na nimeshatumia siku mbili kuikwangua kwa kisu kwenye nyumba ambayo fundi aliyenitangulia aliimimina kila mfereji.

Malengelenge, harufu ya ukungu, rangi inavimba sehemu ya chini

Mwanza imekaa juu ya mawe, na nyumba za mlimani nyingi zimechimbiwa ubavuni. Ukuta wa nyuma unakuwa umegusa udongo, wakati mwingine umeegemea jabali lenyewe. Mvua ikinyesha, maji yanateremka juu ya jiwe, yanafika ukutani, yanapita taratibu hadi nyuma ya mbao zako. Huyaoni. Unachokiona ni malengelenge kuanzia sakafuni hadi magotini, ukuta mmoja tu, na kila mara ule unaotazama mlima.

Toboa lengelenge moja kwa sindano. Likitoka unyevu, rangi haihusiki hata kidogo. Bandua ubao mmoja, kwenye ukuta wa nyuma bandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote nne, acha siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka nje. Yakiwa upande wa chumbani, hewa ya ndani ndiyo yenye unyevu, na hapo kufungua madirisha kunasaidia kuliko rangi yoyote.

Maji yakitoka nje, tokeni nje. Chimbeni mfereji nyuma ya nyumba, shusheni udongo uwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani, rekebisheni bomba za maji ya paa. Kisha acheni ukuta upitishe msimu mzima wa kiangazi. Najua mteja hapendi kusikia hivyo akiwa na wageni wa harusi mwezi ujao. Kuna mmoja aliniona mvivu, akachukua fundi mwingine, na masika iliyofuata simu ikaita tena. Mbao zikirudishwa zipigiliwe juu ya papi (vipande vyembamba vya mbao), ziachwe na nafasi kidogo nyuma na matundu madogo juu na chini hewa ipite. Madoa meusi ya ukungu yaliyoko juu ya ubao yaoshwe kwa sabuni, yakaushwe kabisa, yapigwe msasa. Kuyafunika kwa rangi ni kuyawekea paa.

Unga mwembamba sakafuni, chini ya mbao

Gonga ubao kwa mpini wa bisibisi. Ukilia kama boksi tupu, au bisibisi ikazama, kuna wadudu. Vitundu vya duara na unga laini ni bungua. Njia za udongo zinazopanda ukutani ni mchwa. Katika hali zote mbili weka brashi chini, ita mtu wa dawa, badilisha mbao zilizoliwa. Sina zaidi hapo.

Haikauki, inanata, imejaa wadudu

Rangi ya mafuta inayonata hata siku ya nne kwa kawaida ina sababu tatu: ilipigwa nene ili ukuta ufunikwe kwa mkono mmoja, chumba kilifungwa, au fundi aliizimua kwa mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Mafuta ya taa yanaacha ulaini usioondoka haraka. Fungua madirisha, weka feni, ipe wiki. Ikibaki vilevile, ikwangue. Ukipaka juu yake, mkono mpya utajikunja kama ngozi ya maziwa.

Wadudu ni habari ya ziwa. Wale vidudu vyepesi vinavyopanda kutoka majini kama nguzo za moshi, mara nyingi siku za mwezi mwandamo, wanafuata taa, na ukuta mbichi mweupe chini ya taa kwao ni karamu. Nilipaka sebule ya Capri Point jioni moja, taa zote zinawaka, madirisha wazi kwa ajili ya harufu. Asubuhi ukuta ulikuwa na vipele vyeusi maelfu, kila kimoja kina mabawa. Usiwafute wakati rangi ni mbichi, utachora mkia kwa kila mdudu. Acha ikauke, piga msasa 220 kidogo, piga mkono wa mwisho. Siku hizi mkono wa mwisho naanza saa moja asubuhi, na saa kumi na moja jioni taa zimezimwa na madirisha yana wavu.

Ilikuwa nyeupe, sasa imekuwa njano

Tofautisha na tanini. Tanini inakuja ndani ya siku chache, kwa madoa. Umanjano huu unakuja kwa miezi, umelingana, na uko mzito zaidi nyuma ya kabati na chini ya mapazia. Hiyo ni rangi nyeupe ya mafuta iliyokosa mwanga. Ndiyo tabia yake, gizani inageuka. Kwa chumba chenye giza, ambacho ndicho tunachokizungumzia, mkono wa juu uwe wa rangi ya maji yenye akriliki. Praima ya mafuta chini, maji juu.

Kila kitu kimekwenda sawa, lakini chumba bado kina giza

Basi huenda mbao hazikuwa mshtakiwa wa kwanza. Rangi nyeupe safi inarudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, mbao nyeusi za vanishi ni kama asilimia 10. Lakini ukuta haurudishi mwanga ambao haujaufikia.

Tuko digrii mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita karibu utosini, paa la varanda linalizuia, na mwanga unaoingia dirishani mwingi umeshagonga ardhi ya nje kwanza ndipo ukapanda ndani, kuelekea darini. Kwa hiyo dari ya kahawia inameza mwanga mwingi kuliko ukuta wa kahawia. Nikipewa bajeti ya kupaka sehemu moja tu, napaka dari. Ya pili ni dari ya varanda yenyewe, kitu ambacho hakuna anayekifikiria: ikiwa nyeupe, inausukumia mwanga ndani kupitia dirishani. Sakafu nyekundu iliyopigwa nta nayo inakula. Mkeka wa rangi hafifu karibu na dirisha unaonekana tofauti siku hiyohiyo.

Usichague nyeupe kali. Kwenye kivuli inageuka ya kijivu-bluu, chumba kinakuwa kama wodi. Chukua ile ya krimu, paka ubao mmoja, itazame asubuhi, mchana na usiku kabla ya kununua ndoo. Balbu nazo: nyingi za madukani ni za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba kubwa ni mwanga wa bluu zaidi), ambazo zinaifanya krimu ionekane mgonjwa. Nusu yake, 3000 hadi 4000, inakaa vizuri na mbao.

Wiki iliyopita niliitwa Bwiru kwenye sebule ambayo ilikuwa imepakwa vizuri kabisa, sikuona kosa hata moja kwenye mbao. Mwenye nyumba alitaka nyeupe zaidi. Nikamwomba tutoke nje. Bogenvilia ilikuwa imepanda nondo za dirisha hadi juu, imefunga kama pazia la pili. Tukaomba panga kwa jirani.